Savitribai Phule: Mwalimu Aliyewafungulia Wajane Mlango

Ikitajwa Bara Hindi, wengi wetu hukimbilia jina la Mahatma Gandhi, na baada ya hapo tunanyamaza. Mimi nimeonelea niwaletee maisha ya mwanamke mmoja wa huko aliyezaliwa miaka 38 kabla ya Gandhi. Hakuwa malkia wala binti wa tajiri. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Lakini kazi aliyoifanya ndani ya nyumba yake mwenyewe iliwaokoa akina mama na watoto wachanga ambao jamii ilikuwa imekwisha kuwahukumu. Jina lake ni Savitribai Phule.

Savitribai alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka wa 1831 katika kijiji cha Naigaon, wilaya ya Satara, upande wa magharibi wa nchi hiyo. Sehemu hiyo siku hizi iko katika jimbo la Maharashtra. Baba yake aliitwa Khandoji Nevse na mama yake Lakshmibai. Walikuwa watu wa tabaka la Mali, yaani wakulima wa maua na mboga. Hapo lazima nieleze kidogo. Katika jamii ya Wahindu wa siku hizo, mtu alizaliwa katika tabaka lake na kufa humo humo. Juu kabisa walikaa Wabrahmini, ambao ndio waliokuwa makuhani na wasomi. Chini walikuwa wakulima na mafundi kama akina Savitribai, na chini yao tena walikuwako watu walioitwa wasioguswa, ambao hata kivuli chao kilihesabiwa kuwa najisi. Elimu ilikuwa mali ya wale wa juu, na hata huko juu ilikuwa ya wanaume.

Mwaka wa 1840, Savitribai akiwa na umri wa miaka 9, aliozwa. Naam, miaka 9! Hebu mkumbuke dada yako mdogo aliye darasa la tatu au la nne, umvalishe nguo za bibi harusi, uone kama utaweza kucheka. Mume wake, Jotirao Phule, alikuwa na miaka 13, kwa hivyo naye pia alikuwa mtoto tu. Bahati nzuri ya Savitribai ilikuwa hapo. Jotirao alikuwa amefiwa na mama yake akingali mchanga, akalelewa na mjane mmoja wa jamaa yao aliyeitwa Sagunabai. Kijana huyu alijua tangu utotoni mjane ni mtu wa namna gani, tena alikuwa amesomeshwa katika shule ya wamisheni Waskoti mjini Pune. Yale aliyoyasoma hakuyafungia kifuani. Aliwafundisha mke wake na Sagunabai kusoma na kuandika.

Jambo hilo halikuwa dogo. Wapo watu wa siku hizo walioamini eti mwanamke akijua kusoma, mumewe atakufa mapema. Savitribai alisoma, na mumewe hakufa! Baadaye alipata mafunzo ya ualimu, kwanza kwa mmisheni Mmarekani aliyeitwa Cynthia Farrar huko Ahmednagar, kisha Pune. Na mwaka wa 1848, akiwa na umri wa miaka 17, yeye na mumewe walifungua shule ya wasichana katika nyumba ya mtu mmoja aliyeitwa Bhide mjini Pune. Miaka 17, wenzangu. Huo ni umri wa mtu wa kidato cha tatu au cha nne, naye alikuwa amesimama mbele ya darasa.

Wazee wa mji walikasirika mno. Inasimuliwa hadi leo kwamba kila asubuhi alipokuwa akienda shuleni, watu walijipanga njiani wakamtupia matope, samadi na mawe. Savitribai hakubishana nao. Alibeba sari ya pili ndani ya mfuko, akifika shuleni anabadilisha, anaanza somo. Jioni anaivaa ile chafu tena na kurudi nyumbani. Kufikia mwaka wa 1851 shule zao zilikuwa tatu, na wasichana waliosoma humo walikuwa yapata 150.

Pigo kubwa zaidi lilitoka nyumbani. Baba yake Jotirao alitishwa na watu wa dini mpaka akawaambia vijana hao wachague, ama shule ama nyumba yake. Mwaka wa 1849 walitoka. Walianza maisha upya wakiwa na vyombo vichache na jina baya mjini. Mwaka wa 1854 Savitribai alitoa kitabu chake cha mashairi, Kavya Phule, na miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa nyumbani kwa wazazi wake, alimwandikia mumewe barua akieleza jinsi ndugu yake mwenyewe alivyomlaumu kwa kuwahudumia watu wa tabaka la chini, na jinsi yeye alivyomjibu mpaka akanyamaza. Katika barua hiyo anamhurumia pia mwenzake aitwaye Fatima, aliyebaki Pune na mzigo wote wa kazi.

Mpaka hapa unaweza kusema ni habari za mwalimu hodari, na walimu hodari tumewasikia wengi. Lakini sababu yangu ya kumchagua Savitribai ni ile iliyofuata, na ili uielewe ni lazima ujue hali ya wajane.

Tazama hesabu ilivyokuwa. Msichana anaozwa akiwa na miaka 8 au 9, mara nyingi kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Kipindupindu kinapita, homa inapita, mume anakufa. Yule mtoto, ambaye pengine hata hajawahi kuishi na mumewe, sasa ni mjane. Miongoni mwa Wabrahmini mjane hakuolewa tena maishani mwake. Alinyolewa nywele zote, akavuliwa bangili na mapambo, akapewa nguo za aina moja, na kuwekwa jikoni kama mtumishi asiye na mshahara. Kumwona asubuhi ni nuksi. Harusini hatakiwi. Na mwanamume aliyefiwa na mke? Lo! Huyo alioa tena, na mara nyingi alioa mtoto mwingine wa miaka 9.

Sasa fikiria msichana wa miaka 16 au 20 katika nyumba kama hiyo, asiye na mtetezi, akizungukwa na mashemeji, wajomba na wageni wa mwenye nyumba. Wengi walitongozwa, wengi walishikwa kwa nguvu. Mimba ilipoingia, mwanamume alinawa mikono. Mjane alibaki na njia mbili tatu, zote za mauti: kunywa dawa za kuharibu mimba na pengine kufa nazo, kujitupa kisimani, au kujifungua kwa siri na kumwua mtoto ili pasiwe na ushahidi.

Si kwamba hapakuwa na sheria. Mwaka wa 1856 serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria iliyoruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena. Sheria ilikuwa pale kwenye karatasi, lakini ni mjane gani angethubutu kuitumia na jamaa wote wamtenge? Ni kuhani gani angemfungisha ndoa? Desturi ilikuwa na nguvu kuliko sheria, na desturi hailetwi mahakamani.

Basi katika miaka hiyo ilitokea kesi moja iliyowashtua akina Phule, kwa maana iliwagusa karibu. Mjane mmoja kijana wa Kibrahmini alikuwa akipika katika nyumba ya rafiki yao mjini Pune. Mwanamume mmoja msomi wa dini alimrubuni akampa mimba. Alijaribu dawa, hazikufaa kitu. Siku zake zilipotimia alijifungua peke yake, na kwa ile hofu ya aibu akamwua mtoto na kumtupa kisimani. Maiti ikaonekana. Mama akashikwa, akashtakiwa, akahukumiwa kifungo cha maisha katika visiwa vya Andaman, mbali kabisa baharini. Yule mwanamume je? Hakuna aliyemwuliza. Aliendelea na heshima zake.

Sitaki kusema kwamba kumwua mtoto ni jambo la kusameheka kirahisi. Lakini Savitribai na mumewe walijiuliza swali ambalo mahakama haikuliuliza: kama mama huyu angekuwa na mahali pa kujifungulia bila kuonekana, mtoto angekufa? Jibu walilipata upesi. Mwaka wa 1863 walifungua nyumbani kwao, mjini Pune, mahali pa wajane wajawazito. Makusudi yake yalikuwa ni kuzuia mauaji ya watoto wachanga. Walibandika matangazo katika mitaa ya Wabrahmini kuwajulisha wajane kwamba wanaweza kuja kujifungua kwa siri na kwa usalama, na kwamba mama angeweza kuondoka na mwanawe au kumwacha hapo alelewe. Matangazo hayo yaliwachoma wakubwa wa mji kama pilipili machoni. Kwao ilikuwa ni kuanika hadharani aibu iliyokuwa imefunikwa miaka nenda miaka rudi.

Tafadhali angalia jambo moja hapa. Akina Phule walikuwa watu wa tabaka la chini. Wajane waliokuwa wakija usiku kugonga mlango wao walikuwa wa tabaka la juu, yaani binti za wale wale waliokuwa wakimtupia Savitribai matope njiani. Angeweza kusema hilo ni shauri lao. Adui akianguka mwache aanguke. Hakusema hivyo. Aliwapokea, akawalisha, akawahudumia wakati wa uchungu, akawaosha watoto wao. Kufikia mwaka wa 1884, wajane zaidi ya 35 walikuwa wamejifungulia katika nyumba hiyo, na gharama yote ilitoka mfukoni mwa Phule na mkewe, ambao walikuwa wakiishi kwa ukulima na kazi za ukandarasi.

Wajane 35 katika miaka ishirini! Msomaji mwenye haraka atasema ni wachache katika nchi yenye mamilioni. Lakini hesabu hiyo uizidishe mara mbili, maana kila mmoja alikuja na roho mbili. Halafu kumbuka ujasiri uliohitajika ili mtu avuke mji usiku na tumbo lake, aende nyumba ya watu waliotengwa, akiamini kwamba siri yake haitatoka. Nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa dawa kubwa katika nyumba ile kuliko chakula na godoro.

Hapa nitaomba ruhusa niruke bahari kidogo nije kwetu. Mwaka wa 1994 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo kwamba msichana aliyepata mimba akiwa shuleni aruhusiwe kurudi kusoma baada ya kujifungua. Mwaka wa 2020 ukatoka mwongozo mwingine ulioeleza jambo hilo kwa kirefu zaidi. Maandishi basi tunayo, kama walivyokuwa nayo wajane wa 1856. Lakini sote tunajua yanayomngoja msichana huyo akirudi. Ni minong'ono bwenini, ni jina la utani, ni wenzake kuhamisha viti, ni mzazi wa mwingine kulalamika eti ataharibu wengine. Mvulana aliyehusika yuko darasa la pili yake akijibu maswali ya Hisabati. Wengi huondoka tena kabla muhula haujaisha, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa wala mtu wa kushtakiwa. Nimeandika hayo kwa kuwa wanaosoma jarida hili ndio wenye viti hivyo vinavyohamishwa.

Turudi Pune. Mwaka wa 1868 Savitribai alikuwa amekwenda kwao Naigaon, na kutoka huko alimwandikia mumewe barua nyingine ambayo mimi naiona kama filamu. Palikuwa na kijana mmoja wa Kibrahmini jina lake Ganesh, aliyezunguka vijijini akifanya ibada ndogo ndogo na kusoma nyota za watu. Akapendana na msichana aliyeitwa Sarja, wa jamii ya Mahar, ambao walikuwa miongoni mwa wale wasioguswa. Sarja akapata mimba. Ilipofika miezi sita watu wakajua. Wanakijiji wenye hasira wakawakamata wote wawili, wakawatembeza njiani wakiwapiga, nia yao ikiwa ni kuwaua.

Savitribai alipopata habari alikimbia mpaka pale. Mwanamke mmoja mbele ya umati uliopandwa na mori! Hakuwahubiria habari za upendo, maana alijua hawatasikia. Aliwatisha kwa sheria ya Waingereza. Aliwaeleza kwamba wakiwaua watu hao, wao wenyewe watapata adhabu kali ya serikali. Mori ukapoa. Wakakubaliana kwamba vijana hao wahame kijiji, na Savitribai akawapeleka kwa mumewe mjini Pune. Ganesh na Sarja walimshukuru wakilia. Kisha akaketi akaandika barua, akaeleza yote hayo kwa utulivu kama mtu anayeeleza safari ya sokoni.

Kuna watu wanaofikiri kwamba kubadilisha desturi ni kupiga kelele dhidi ya desturi. Savitribai na mumewe walifanya zaidi ya hayo. Walitengeneza desturi nyingine na kuiweka kando ya ile ya zamani ili watu wachague. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1873 Jotirao alianzisha chama kilichoitwa Satyashodhak Samaj, maana yake jumuiya ya wanaoutafuta ukweli. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo walifungisha harusi ya kwanza ya chama hicho. Haikuwa na kuhani wala mahari ya kuwafilisi wazazi. Bwana na bibi harusi waliahidiana wenyewe, na katika ahadi hizo mwanamume alitakiwa kuitambua haki ya mkewe. Wengine walikasirika wakaenda mahakamani. Lakini harusi hizo ziliendelea.

Hata vinyozi waliingia katika vita hivyo. Mwaka wa 1890 katika mji wa Bombay, Narayan Meghaji Lokhande, mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliwakusanya vinyozi wakaazimia kwamba hawatanyoa tena vichwa vya wajane. Jambo hili linanifurahisha sana. Wakubwa wote walikuwa wamebishana kwa miaka juu ya vitabu vitakatifu vinasema nini, na kumbe mwenye wembe ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Huo ulikuwa pia wakati wa mabishano makali kuhusu umri wa mabibi harusi. Kanuni ya mwaka wa 1860 iliruhusu mume kumwingilia mkewe akiwa na miaka 10. Wasichana waliumia na wengine walikufa, kwa sababu mwili wa mtoto haujawa tayari, na hata akishika mimba nyonga zake huwa nyembamba, uchungu unachukua siku nyingi na mama na mtoto wanaweza kupotea. Mwaka wa 1891 umri huo ulipandishwa hadi miaka 12, na hata hiyo 12 ilileta maandamano ya watu waliosema dini yao imeingiliwa. Sisi Kenya sheria ya ndoa ya mwaka wa 2014 inasema 18, na bado kuna nyumba ambamo hesabu hiyo haijafika.

Savitribai mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto. Katika jamii ile mwanamke asiyezaa alikuwa na fungu lake la masimango, na inasimuliwa kwamba baba mkwe alimtaka Jotirao aoe mke wa pili. Jotirao alikataa katakata. Kisha, katika ile nyumba ya wajane, mwanamke mmoja wa Kibrahmini alijifungua mtoto wa kiume. Mwaka wa 1874 Savitribai na mumewe walimchukua mtoto huyo wakamfanya mwana wao, wakamwita Yashwant. Walimsomesha mpaka akawa daktari. Alipofikia umri wa kuoa palitokea matata, kwa kuwa watu hawakutaka kumwoza binti yao mtu aliyezaliwa na mjane. Mwishowe rafiki yao wa chama, Gyanoba Sasane, alimtoa binti yake Radha. Savitribai alimkaribisha msichana huyo nyumbani kabla ya harusi ili yeye na Yashwant wajuane, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku hizo. Walioana mwaka wa 1889 kwa desturi ya chama chao.

Tarehe 28 Novemba 1890 Jotirao alifariki. Kwa desturi, anayetangulia mbele ya maiti akiwa amebeba chungu ndiye mrithi, na ni lazima awe mwanamume. Jamaa wa marehemu walisimama wakakataa Yashwant asikishike chungu hicho, eti si damu yao. Ugomvi ukawaka maiti ikiwa uani. Savitribai alinyanyuka, akakishika chungu yeye mwenyewe, akatangulia mbele ya watu wote mpaka mahali pa kuchomea, na kwa mkono wake akawasha moto. Mwanamke, tena mjane wa siku ile ile! Baada ya hapo aliendelea kukiongoza chama, na mwaka wa 1893 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wake mkuu huko Saswad. Mwaka wa 1892 alikuwa ametoa kitabu kingine cha mashairi juu ya maisha ya mumewe.

Mwaka wa 1896, wakati ule reli yetu kutoka Mombasa ilipokuwa imeanza kutandikwa, ugonjwa wa tauni uliingia Bombay. Haukuchelewa kufika Pune. Tauni ya siku hizo haikuwa na tiba. Mgonjwa alipata homa, akavimba kwapani au kwenye kinena, na mara nyingi hakumaliza wiki. Watu waliuhama mji. Waliobaki waliwaficha wagonjwa wao kwa kuwaogopa askari waliokuwa wakiingia nyumba kwa nyumba kuwatafuta.

Savitribai wakati huo alikuwa na umri wa miaka 66. Angeweza kabisa kwenda kijijini kwa jamaa zake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimwita mwanawe Daktari Yashwant, wakafungua mahali pa kutibia wagonjwa katika mashamba ya akina Sasane nje ya mji, karibu na Hadapsar. Yashwant alitibu, na mama alikwenda kuwaleta wagonjwa, hasa wale wa tabaka la chini ambao hakuna aliyetaka kuwagusa.

Siku moja alisikia kwamba katika makazi ya Wamahar huko Mundhwa kulikuwa na mvulana aliyeitwa Pandurang Gaikwad ambaye ameshikwa na tauni. Hapakuwa na machela wala gari la ng'ombe. Bibi huyu wa miaka 66 alimfunga mtoto mgongoni kama mama anavyobeba mwanawe, akamchukua mpaka kwa daktari. Mvulana alipona. Savitribai alikuwa ameambukizwa, na usiku wa tarehe 10 Machi 1897 alifariki dunia.

Kwao hawajamsahau, ingawa walichukua muda mrefu kumkumbuka. Serikali ya India ilitoa stempu yenye sura yake mwaka wa 1998, na mwaka wa 2014 Chuo Kikuu cha Pune kilipewa jina lake. Ile nyumba ya Bhide ilimokuwa shule ya 1848 ilibomolewa mwaka wa 2023 ili pajengwe ukumbusho.

Yashwant, yule mtoto wa mjane ambaye kama si mlango ule pengine angeishia kisimani, aliendelea na udaktari baada ya kifo cha mama yake. Tauni haikuwa imekwisha. Ilirudi mara kwa mara. Mwaka wa 1905 ilimshika yeye pia, akafa akiwa bado kijana.